Uzi: Tunabishania bei ya uniti, hakuna anayeuliza uniti zinaenda wapi

Wadau, sheria za uzi ni zile zile. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama, na ukitaja wewe kwenye majibu sitakujibu. Leo ni stima. Najua tumeichosha hii mada. Lakini mwezi uliopita mota ya kisiagi cha mjomba wangu hapa Kitengela iliungua, na siku niliyokaa kwa fundi nikisubiri niligundua kuna nusu nzima ya mjadala huu ambayo hatuigusi. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si injinia. Injinia akinisahihisha hapa chini nitashukuru.

Nianze na hiyo mota. Beringi zilikuwa zimelia karibu wiki mbili, mjomba akasema zitafika mwisho wa mwezi. Hazikufika. Asubuhi moja wateja wakiwa kwenye foleni na mahindi yao, mota ikavuma bila kuzunguka, harufu ya vanishi ikajaa chumba, basi. Tukaipakia kwenye mkokoteni tukampelekea fundi.

Fundi akaifungua, akavuta koili zilizoungua, akazitazama kama daktari anayejua ugonjwa lakini anatafuta maneno. "Mzee, hii imesukwa upya si chini ya mara tatu. Na huyu wa mwisho alikuwekea waya mwembamba."

Mjomba akamjibu, "Lakini ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa inafanya. Lakini ilikuwa inakula."

Nilikumbuka hilo neno jioni, nikiwa mbele ya runinga. Wachambuzi wawili walikuwa wanashindana juu ya bei ya uniti, mmoja anaahidi kuishusha, mwingine anauliza yule wa kwanza alikuwa wapi ilipopanda. Saa nzima. Hakuna aliyeuliza ile uniti ikishanunuliwa inaingia kwenye mashine gani, na inatoka na nini.

Sasa hesabu, na naomba msikimbie. Mota ya mjomba ni ya kilowati 15, nguvu za farasi 20 hivi. Kiwango cha kimataifa kinachopanga ufanisi wa mota kilitolewa mwaka 2008, na madaraja yake yameandikwa IE1, IE2, IE3 na kuendelea. Kwa ukubwa huo wa mota, aina ya kawaida ya nguzo nne, IE1 ikiwa mpya inageuza asilimia 88.7 ya stima kuwa mzunguko. IE3 inageuza asilimia 92.1. Inayobaki ni joto. Ndiyo maana ukigusa mota inakuunguza mkono: lile joto umelilipia.

Asilimia tatu na kitu, utasema, ni nini? Chukua masaa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, mota ikivuta mzigo wake wote. Weka shilingi 20 kwa uniti ili hesabu iwe nyepesi, ingawa bili yako inaweza kuwa tofauti. Ile ya IE1 inakula kama uniti 40,600 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi 800,000. Mota yenyewe mpya haifiki hata theluthi ya hizo pesa. Kwa maneno mengine, mota ni kitu unachonunua mara moja kisha unakilisha maisha yake yote, na chakula ndicho gharama. Tukikadiria kwamba ile ya mjomba, iliyosukwa kwa waya mwembamba, ilikuwa imeshuka hadi asilimia 85, basi ukiilinganisha na IE3 alikuwa anapoteza uniti 3,265 kwa mwaka. Shilingi 65,000 hivi. Hiyo ni karo ya mtu. Karibu iwe yangu.

(Kwa haki ya mafundi wetu: kusuka upya si dhambi. Kukifanywa kwa waya wa unene sahihi, bila kuchoma chuma cha ndani kwa moto mkali wa kuondolea koili za zamani, ufanisi haupungui sana au haupungui kabisa. Tatizo ni ya haraka haraka.)

Haya, historia. Kwa nini siasa yetu ya stima iliishia kuwa siasa ya bei na ujenzi tu?

Nadhani ni kwa sababu ilianza hivyo. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa 1922 kwa kuunganisha ile ya Mombasa na ile ya Nairobi, na jina lenyewe linakwambia wateja walikuwa akina nani: nguvu kwa wachache, taa kwa wachache zaidi. Kisha likaja jambo la mabwawa. Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa 1954, na Kenya ikawa inanunua stima kutoka Uganda. Kindaruma kwenye Mto Tana likafuata 1968, letu wenyewe. Bwawa lina sherehe. Lina utepe, lina kibao cha jina, lina picha. Kila kizazi cha viongozi kimepata mradi wake wa kuzindua, kutoka Tana hadi mvuke wa Olkaria hadi upepo. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa stima ambayo haikutumika.

Na viwanda vyetu vya upande huu ni vya zamani kuliko watu wanavyodhani. Magadi walianza kuchimba magadi chini ya kampuni iliyoundwa 1911. Kampuni ya saruji ya East African Portland ni ya 1933, na kiwanda chake kiko hapo Athi River, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Machakos. Mawe ya chokaa yanayolisha saruji ya eneo hili kwa sehemu kubwa yanatoka Kajiado. Baadaye likaja eneo la viwanda vya kuuza nje, kwa sheria ya 1990, viwanda vingine vya saruji vikafuata, na Kitengela ikaacha kuwa malisho ikawa mji wa kulala wafanyakazi. Ukisimama usiku karibu na barabara ya Namanga, ule mngurumo unaousikia ni mota. Feni, pampu, kompresa, mikanda ya kubeba mawe. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2011 kwamba mota na mashine zinazoendeshwa nazo hula zaidi ya asilimia 40 ya stima yote ya dunia. Si taa. Si runinga. Mota.

Kilichotuamsha sisi ni ukame. Mwaka 1999 kuingia 2000 mvua zilikataa, mabwawa yakashuka, na nchi ikaingia kwenye mgao mkali wa stima. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini muulize mtu yeyote aliyekuwa na saluni, buchari au karakana wakati huo. Ilibidi mitambo ya dizeli ikodiwe. Ghafla nchi iligundua kwamba uniti isiyopotea ni sawa na uniti iliyozalishwa, tena haihitaji mvua.

Baada ya hapo mambo yalienda kwa mpangilio ambao ukiusoma leo utashangaa. Mwaka 2001 Muungano wa Watengenezaji Bidhaa, KAM, pamoja na serikali, ulianza mradi uliofadhiliwa na Mfuko wa Mazingira Duniani kupitia UNDP, wa kuondoa vikwazo vya kuokoa nishati kwenye viwanda vidogo na vya kati. Waraka wa Bunge Nambari 4 wa 2004 ukaandika uokoaji kama sera ya taifa. Sheria ya Nishati ya 2006 ikaipa tume ya udhibiti meno, na mwaka huo huo KAM na wizara wakaanzisha kituo cha kukagua matumizi viwandani. Mwaka 2012 zikaja kanuni: jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka lazima kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni, na si kukaguliwa tu, lazima kitekeleze angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa. Mwaka 2016 zikafuata kanuni za vifaa. Kwenye orodha yake, pamoja na friji, viyoyozi na taa, kuna mota za fezi tatu. Anayeziingiza nchini anatakiwa kuzisajili na kuonyesha kwamba zinafikia kiwango cha chini cha ufanisi.

Rudia hapo. Kenya ina sheria ya mota. Tangu 2016. Nilifika chuo kikuu, mwaka wa tatu, katika somo la sera za umma, bila kujua hilo, na mjomba ameendesha kisiagi miaka yote hiyo bila kuambiwa na mtu.

Hatukuwa wa mwisho duniani pia. Marekani ilipitisha sheria yake 1992 na ikaanza kuuma 1997. Umoja wa Ulaya ulianza na IE2 mwaka 2011, ukapanda hadi IE3 kwa mota kubwa 2015. Miaka mitano baada ya Ulaya kuanza, sisi tulikuwa na kanuni. Kwa makaratasi tunajua kwenda na wakati.

Sasa linganisha na taa. Mwaka 2010 taifa liligawa balbu zaidi ya milioni moja za kuokoa stima nyumba kwa nyumba. Mama yangu anazikumbuka, zile za kujikunja. Kila mtu alijua. Kwa nini? Kwa sababu balbu inaonekana, inagawiwa kwa mkono, na anayeipokea ana kura. Mota imefungwa ndani ya chumba chenye vumbi la unga, na faida yake inakuja polepole kwenye bili ambayo mwenyewe haisomi. Siwalaumu sana wanasiasa kwa hili. Sisi wafuasi ndio tunaopigia makofi kinachoonekana.

Lakini kuna jambo ambalo nawalaumu, na hapa nawaomba muwe makini kwa sababu ndipo mjadala wa kweli ulipo. Serikali hiyo hiyo iliyosema "okoeni" ilianza kusema "tumieni zaidi" kwa mdomo mwingine. Desemba 2017 ukaja mpango wa bei ya usiku: kiwanda kikivuka kiwango chake cha kawaida kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ile ziada inauzwa nusu bei. Mwaka 2018 Bunge likawapa watengenezaji bidhaa nafuu nyingine, kwamba wakipiga hesabu ya kodi waondoe bili yao ya stima pamoja na asilimia 30 zaidi juu yake. Fikiria hiyo. Kadri bili yako ilivyokuwa kubwa, ndivyo nafuu ilivyokuwa kubwa. Mwenye mota mbovu alipata zaidi ya mwenye mota nzuri! Nafuu hiyo iliondolewa 2020, wakati wa mabadiliko ya kodi ya korona, na hata kuondolewa kwake hakuna aliyekujadili kwa hoja ya uokoaji.

Je, ulikuwa upumbavu? Hapana, na hapa ndipo huwa natofautiana na wenzangu wa darasani. Kulikuwa na sababu. Mikataba mingi ya kununua stima inalipia uwezo wa mtambo, itumike isitumike. Usiku nchi ikilala, mvuke wa Olkaria unaendelea kutoka ardhini na upepo unaendelea kuvuma. Ukiokoa uniti saa nane usiku, gharama ya mkataba haipungui. Inagawanywa tu kwa uniti chache zaidi, na bei ya kila uniti inaweza kupanda. Kwa hiyo yule anayekwambia "tukiokoa tutashusha bei" hakwambii yote, sawa na yule anayesema kuvunja mikataba ndiyo dawa peke yake. Bei ya nusu usiku ilikuwa na akili yake.

Lakini jioni ni habari nyingine. Mahitaji ya juu kabisa ya nchi, yale ya saa moja hadi saa nne usiku, yamekuwa yakivunja rekodi na sasa yamevuka megawati 2,300. Uniti iliyookolewa saa mbili usiku ni mtambo wa ghali ambao haukuwashwa. Na mwenye kisiagi hauliziwi mikataba. Yeye akipoteza uniti 3,265 amezipoteza, bei iwe imeshuka au imepanda. Ndiyo maana nasema bei na matumizi ni maswali mawili. Mwanzoni mwa 2022 bei zilishushwa kwa asilimia 15, mkapiga kelele za furaha, mwaka uliofuata zikapanda tena, mkapiga kelele za hasira. Ile mota ilikula vilevile miaka yote miwili.

Sasa nirudi kwenye ile 180,000, kwa sababu kwangu hapo ndipo penye kidonda. Kisiagi kimoja kama cha mjomba ni uniti 40,000 na kitu. Hata angekuwa na vinne, sheria isingemwona. Kiwanda kikubwa cha Athi River kinaonwa, kina afisa wa nishati, kina mkaguzi, kinashindania tuzo za KAM. Mkaguzi anaweza kumwonyesha meneja kwamba feni inayozungushwa kwa kasi yote huku imezibwa nusu ni hasara, kwamba ukiipunguza kasi hadi asilimia 80 inahitaji karibu nusu tu ya nguvu. Anaweza kumwonyesha tozo ya pawa fakta kwenye bili, ile inayotozwa kiwanda kikishuka chini ya 0.9, ambayo mara nyingi inasababishwa na mota kubwa kuliko kazi yake.

Lakini tembea Kitengela yenyewe. Karakana za kuchomelea vyuma, wakata mawe, visiagi, pampu za visima ambazo ndizo zinaupa mji huu maji kwa sababu mifereji haitoshi. Kila kisima kina mota chini ya ardhi, na bei ya mtungi wa maji unaonunua ina stima ndani yake. Hawa wote kila mmoja yuko chini ya mstari. Ukiwajumlisha ni kiwanda. Hakuna mkaguzi anayekuja kwao, na kanuni ya 2016 inamwangalia anayeingiza na kuuza bidhaa, haimfikii fundi aliyeinama kwenye koili na waya mwembamba.

Kuna watu watasema hii ni kazi ya kaunti. Katiba, Jedwali la Nne, inaipa kaunti usambazaji wa stima na gesi na udhibiti wa nishati, na Sheria ya Nishati ya 2019, ile iliyoleta EPRA, inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Kajiado ingekuwa ya kwanza kuona haya. Ni kaunti inayozalisha: mitambo ya upepo ya kwanza ilisimamishwa milima ya Ngong 1993, na Kipeto, megawati 100, ilianza kazi 2021. Nyaya kubwa za kilovolti 400 zinapita Isinya juu ya vichwa vya ng'ombe. Tunajadili ardhi ya mitambo hiyo, fidia, na nani aliajiriwa, na ni haki kuyajadili. Lakini katika mikutano yote ya umma niliyohudhuria, sijasikia mtu akiuliza: mafundi wa mota kwenye kaunti hii ni wangapi, na nani anawafundisha? Kozi ya wiki chache kwenye chuo cha ufundi cha kaunti, vipimo viwili vitatu vya kuazimana, mkopo wa chama wa kununua IE3 unaolipwa kutoka kwa tokeni zinazobaki. Haihitaji bwawa. Labda ndiyo shida yake.

Ukitaka swali la kumuuliza mgombea wako, nakuachia hilo. Usimuulize atashusha bei kwa shilingi ngapi, jibu unalo tayari, litakuwa tamu. Muulize kanuni za 2012 ni viwanda vingapi vimezitekeleza na ripoti ziko wapi. Tazama uso wake.

Mota ya mjomba? Hakununua mpya. Nilimpigia hesabu yote hii kwenye karatasi, akaniambia, "Kijana wangu, hiyo elfu 65 ni ya mwaka, mimi nahitaji ugali wa wiki hii." Sikuwa na jibu, na bado sina. Mtu asiye na akiba hununua kilicho rahisi leo na kukilipia kila siku.

Lakini tuliporudi kuichukua, kabla hajalipa, alimuuliza fundi ametumia waya wa unene gani. Fundi akacheka, akasema ni miaka mingi anafanya hii kazi na hakuna mteja amewahi kumuuliza hivyo. Kisha akaenda nyuma ya duka akatuletea kipande kilichobaki na kile cha zamani, tukavilinganisha kwenye mwanga wa mlango. Sasa nimemwekea mjomba daftari karibu na mita. Kila jioni anaandika magunia aliyosaga na uniti zilizobaki. Yuko siku ya tisa.